Mawimbi Yanafika Yamechoka

Sisi wa Nkowe ni watu wa bara. Maji tunayoyajua ni ya kisimani, na ya mito ambayo ikifika Agosti hubaki mchanga mtupu. Hata hivyo bahari haijawahi kuwa mbali na habari zetu. Babu zetu Wamwera walishuka kwa miguu hadi Lindi wakiwa na nafaka na mpira vichwani, wakarudi na chumvi na nguo. Njia za kusini zilipitisha pia watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani kuuzwa. Na ni kutoka upande huohuo wa pwani Wamisionari Wabenediktini walipanda kuja bara: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896, na Ndanda mwaka 1906. Kwa hiyo mtu wa kwetu akitaja pwani, ametaja chumvi, minyororo na Injili kwa pamoja.

Pamoja na hayo, wengi wetu tulikuwa watu wazima wenye watoto na hatujawahi kuiona bahari. Tulikuwa sita, wote wa jumuiya ndogondogo moja: katekista, mwenye duka, fundi baiskeli, wakulima wawili wa ufuta na mbaazi, na kijana wa bodaboda ambaye ni mdogo wetu sote. Tangu shule ya msingi tulikuwa tukiahidiana kwamba siku moja tutakwenda kuona maji yasiyo na ng'ambo na kuvua samaki kwa mikono yetu. Kila mwaka kulikuwa na sababu ya kuahirisha. Mwaka 2022, fedha za ufuta zilipoingia, mwenye duka akasema, "Jamani, tukingoja mpaka shida ziishe, tutakwenda tukiwa tumebebwa."

Lakini safari ile ilikuwa na sababu nyingine, ambayo kila mmoja aliijua na hakuna aliyeitamka. Mwezi Machi mwaka uleule mwenzetu fundi alikuwa amefiwa na binti yake wa miaka minne. Homa ilianza jioni. Usiku mtoto akaishiwa damu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, pikipiki ikazama matopeni, na walipofika kwa mganga mkuu kulikuwa kumekucha na mtoto ameshanyamaza. Tulimzika siku iliyofuata. Karani wa Sensa alipopita mwezi Agosti, nyumba ya fundi ilihesabiwa watu watatu badala ya wanne, na majirani wanasema alimjibu karani maswali yote akiwa anatazama ukutani.

Tangu mazishi, fundi aliacha kusali. Hakuja kanisani, hakuja kwenye jumuiya. Hakugombana na mtu. Alipoulizwa, alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Nilimwomba njia nzima, kutoka nyumbani mpaka kule. Sikumwomba mali. Nilimwomba ashushe homa. Kama hakuweza kunikinga na hilo, ananikinga na nini?"

Na kama kawaida ya vijiji vyetu, msiba wa mtoto haukuachwa uwe msiba tu. Baadhi ya ndugu walianza kunong'ona jina. Lilikuwa jina la bibi mmoja mjane, jirani yao nyumba ya tatu, mwanajumuiya mwenzetu. Walisema macho yake mekundu, kana kwamba kuna mwanamke aliyepika kwa kuni miaka sitini na macho yake yakabaki meupe. Walianza kuchanga fedha za kumleta mtaalamu wa kuangalia nani amemla mtoto. Fundi hakukubali, wala hakukataa. Alinyamaza, na kila upande ulikuwa unaungoja ukimya wake. Bibi naye aliacha kwenda kisimani asubuhi na wenzake. Alichota maji jua la saa saba, wakati ambapo hakuna mtu.

Hali ndiyo hiyo tulipomwendea fundi na habari za safari. Alikaa akisokota waya wa breki mkononi, kisha akasema, "Nitakuja. Ila msinihubirie." Katekista akampa mkono. Akasema, "Sitafungua mdomo juu ya jambo hilo mpaka wewe uufungue wako." Tunaomba msomaji aikumbuke ahadi hiyo.

Tuliondoka Ijumaa, tarehe 26 Agosti, siku tatu baada ya Sensa. Tukashuka hadi Nanganga, tukaingia lami, tukapita Nyangao na Mtama, na Mnazi Mmoja tukaiacha njia ya Lindi tukashika ya Mtwara. Jua lilikuwa limekwisha lala tulipopita Mikindani, mji wa kale ambako Livingstone alishuka mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Bahari ilikuwa pale mkono wa kushoto, lakini giza lilikuwa limeifunika. Tuliisikia harufu yake tu. Kijana wa bodaboda akauliza, "Ndiyo hiyo inayonuka?" Gari zima likacheka, na fundi naye alicheka kidogo.

Tuliikuta bahari asubuhi, Msimbati, baada ya kupita Madimba penye mtambo wa gesi. Mwenyeji wetu alikuwa nahodha mzee ambaye mwenye duka hununua kwake ng'onda wa kuuza Nkowe. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu. Poleni na vumbi la kwenu." Ni Mwislamu, mtu wa swala tano, mwenye mikono iliyochanika kwa mishipi na maneno machache. Alitupeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa watu wa Hifadhi tujiandikishe, maana pwani ile yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ina kilometa za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja, na ndani yake vimo visiwa vidogo kama Namponda, Mongo, Membelwa na Kisiwa Kidogo. Kisha akatupakia katika chombo chake cha mashine, yeye na mjukuu wake wa miaka kama kumi na mitatu, akatuvusha hadi kimojawapo. Huko tulipiga dago, kama wavuvi wanavyoita kambi yao ya kisiwani: turubai, mafiga matatu, na dumu la maji ya kunywa.

Mtu wa bara anapofikiria kisiwa, anafikiria mlima uliosimama baharini. Kile tulichokikuta kilikuwa kitu cha chini sana, mchanga na vichaka na miti michache iliyoinama upande mmoja kwa upepo. Ukisimama katikati unaona maji pande zote. Lakini maji ya pande hizo mbili hayafanani. Upande wa bara kulikuwa shwari, maji ya kijani yaliyolala kama ya bwawa. Upande wa bahari kuu, mbali kidogo na ufuko, palikuwa na mstari mweupe wa povu uliokuwa ukinguruma bila kupumzika, kwa maana kusi ilikuwa bado inavuma. Huo ndio mwamba. Mawimbi yaliyotoka mbali yalikuja yakiwa marefu kuliko mtu, yakaupiga, yakainuka, yakavunjika, na yaliyobaki yakatambaa mpaka miguuni petu yakiwa na nguvu ya kulowesha vifundo tu.

Alasiri maji yalipojaa, nahodha alitufundisha kuvua kwa mshipi kutoka ufukoni. Unafunga ndoana, unafunga chubwi la risasi ili mshipi uzame, unaweka chambo cha ngisi, unauzungusha juu ya kichwa mara mbili na kuuachia. Sisi tuliozoea jembe tulikuwa tukiuachia mapema na chubwi linaanguka nyuma yetu. Mkulima mmoja alijivua kofia yake mwenyewe. Lakini jua lilipokuwa linashuka tulikuwa na changu wanane, tasi watatu, na kolekole mmoja ambaye mwenye duka alipambana naye kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Fundi alikuwa ndiye mvuvi bora kati yetu. Mikono yake imezoea vitu vidogo. Alisimama karibu na nahodha muda mrefu bila kusema, kisha akauliza, "Babu, huo mwamba ndio unaoizuia bahari?"

Nahodha akasema, "Hauzuii. Bahari haizuiliki. Unaivunja. Mawimbi yote unayoyaona kule yatafika hapa, hata moja halipotei. Ila yanafika yamechoka."

Fundi akauliza mwamba umejengwa na nani. Mzee akainama, akaokota kipande cha tumbawe lililokufa, chenye matundu madogo kama sega la nyuki, akamwekea mkononi. Akaeleza kwamba kila tundu lilikuwa nyumba ya mdudu mdogo. Mdudu hujijengea chokaa, hufa, na mwingine hujenga juu yake. Kwa hiyo mwamba wote ule unaovunja bahari kuu umetengenezwa na viumbe ambao ukimshika mmoja huwezi kumwona vizuri. Na ni kitu kilicho hai, kinaumia. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa. Na kwa miaka mingi watu wenyewe walivua kwa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wa siku moja na kubomoa kazi ya vizazi. "Pale walipopiga sana," alisema, akionyesha upande wa bara, "wimbi linaingia zima. Minazi imeanguka, na makaburi ya wazee yameliwa."

Usiku, tukiwa tumezunguka moto, aliendelea. Kusini kwetu, ng'ambo ya maingilio ya Ruvuma, palikuwa Msumbiji. Nahodha ana shemeji zake huko, maana mto ule ni mpaka wa serikali na si mpaka wa ukoo. Mwezi Aprili 2019 walitangaziwa kwamba kimbunga kiitwacho Kenneth kinakuja na kwamba kinaweza kuipiga Mtwara. Wazee wa kusini wanajua maana ya kimbunga. Kile cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi bado kinasimuliwa. Nahodha alipandisha familia yake mahali pa juu, wakasali usiku kucha. Tarehe 25 kimbunga kilipiga Cabo Delgado, upande wa shemeji zake.

Mkulima mmoja wetu akasema, kwa nia njema kabisa, "Basi Mungu aliwasikia."

Fundi akainua kichwa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya usiku ule, nayo yalikuwa makali. "Na wale wa ng'ambo hawakusali? Kimepita kwenu kikaenda kwao, mnamshukuru nani?"

Hakuna aliyejibu. Katekista alitazama moto. Tulimwona amekaza taya, kwa sababu mtu ambaye kazi yake ni kujibu maswali kama hayo alikuwa ametoa mkono wake kwamba atanyamaza. Nahodha ndiye aliyesema, polepole. "Mimi, mwanangu, sikusema Mungu ametupenda sisi kuliko wao. Siwezi kusema hivyo, wale ni damu yangu. Nilisema, ametuacha wazima, basi tunatakiwa huko. Tukapakia mchele na maturubai, tukavuka."

Fundi alikaa kidogo akiligeuza lile tumbawe mkononi, kisha akaenda kulala.

Jumapili asubuhi tulifanya ibada bila padre, pale mchangani. Fundi alikaa mbali kiasi cha hatua ishirini akipara samaki. Hatukumwita. Nahodha na mjukuu wake nao walikaa kimya mpaka tukamaliza, kama sisi tulivyokaa kimya walipokuwa wakiswali.

Baada ya ibada kijana wa bodaboda aliomba ruhusa ya kwenda kwenye mawimbi. Alikuwa ameona katika simu yake watu wakisimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi mpaka ufukoni. Ni mchezo ambao dunia inaujua zaidi kwa watu wa visiwa vya Hawaii, ingawa hata pwani ya Ghana wasafiri wa Ulaya waliwaona watoto wakicheza namna hiyo tangu karne ya 17. Mjukuu wa nahodha alikuwa na ubao wake, kipande cha mbao ya mashua iliyokufa, na alijua kuulalia kifudifudi na kuletwa na maji kama barua. Akampa kijana wetu kipande kingine. Kwenye ncha ya kisiwa, mahali ambapo mwamba una mlango, mawimbi yaliingia makubwa zaidi kidogo, na huko wakacheza. Tulifurahi kuwaona. Kijana alianguka, akainuka, akameza maji, akapiga kelele. Mara ya saba au ya nane aliletwa vizuri kutoka mbali mpaka mchangani, akasimama na kuinua mikono kama mfungaji wa goli.

Siku ile ilikuwa ya bamvua, mwezi ukiwa ndio umeandama. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hiyo wakati wa bamvua hupita mita tatu. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, maji yakipwa kwa kasi, na maji yote yaliyokuwa yamelala upande wa ndani yalikuwa yanatafuta njia ya kutoka. Njia yao ni ule mlango wa mwamba. Kijana aliingia tena na ubao wake, na safari hii maji hayakumrudisha. Tulimwona anapiga mikono kuelekea kwetu na huku anakuwa mdogo.

Mjukuu wa nahodha ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga kelele, "Usishindane nayo! Lala juu ya ubao! Lala!" Chombo cha nahodha kilikuwa kimekaa mchangani, maji yamekiacha. Kukisukuma hadi majini kungechukua muda ambao hatukuwa nao. Mzee akafungua kamba ya nanga, mtoto akajifunga kiunoni, akachukua ubao wake, akaingia akifuata ukingo wa fungu la mchanga. Sisi tukashika mwisho wa kamba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Fundi alikuwa mbele kabisa, maji yakimfika kiunoni, nasi nyuma yake, kila mmoja amemshika mwenzake mkanda wa suruali.

Kamba ikaisha. Mtoto alikuwa bado hatua chache kumfikia. Fundi akasogea mbele, maji yakamfika kifuani. Akasogea tena, yakamfika shingoni. Nyuma yake katekista, nyuma ya katekista mwenye duka, sote tukasogea. Wimbi lilimpita fundi juu ya kichwa mara mbili, na mara zote mbili kichwa chake kilitokea tena na kamba ikiwa mkononi. Mtoto akaushika ubao wa kijana. Nahodha akasema, "Sasa vuteni, taratibu, msiikate." Tukavuta.

Kijana aliletwa mchangani akatapika maji, akalia kama mtoto. Nahodha alishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono yote miwili akasema, "Alhamdulillahi." Nasi tukasema, "Tumshukuru Mungu," na tulipogeuka tulimwona fundi bado amekaa majini, na kamba imezungushwa kwenye ngumi yake, ngozi imechunika. Alikuwa analia. Hakuwa amelia tangu mazishi. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamelisema jambo hilo kwa wasiwasi mara nyingi.

Jioni yake aliongea mwenyewe, bila kuulizwa. Akasema, "Nilipokuwa nimeshika ile kamba sikumwuliza Mungu kitu. Niliwaza nisiiachie tu." Akanyamaza. Kisha akasema, "Usiku ule wa mwanangu, pikipiki ilipozama, mimi na mama yake tulikuwa tunasukuma. Mtoto alikuwa amebebwa na bibi. Alitoka nyumbani kwake aliposikia kelele, na mvua ile, akamchukua mtoto kifuani, akamfunika kwa khanga yake yeye, akatembea nasi mpaka tulipotoka matopeni. Miguu yake mibovu. Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu." Akatutazama mmoja mmoja. "Na jina lake ndilo wanalotaka nilitaje."

Sasa mdomo wa fundi ulikuwa umefunguka, na katekista alikuwa huru na ahadi yake. Tulimgeukia. Alichukua samaki mmoja kutoka kwenye makaa, akamwondolea miba, akampa fundi. Akasema, "Kula kwanza."

Tangu siku hiyo tumeitafakari mara nyingi habari iliyo mwishoni mwa Injili ya Yohane. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Mmoja wao ana mzigo wa kumkana Bwana wake, na wote wana mzigo wa kifo walichokiona. Asubuhi wanamkuta Yesu ufukoni na moto wa makaa na samaki, naye anawaalika wale. Maswali yake kwa Petro yanafuata baadaye, baada ya kula. Tumeisikia Injili hiyo kanisani tangu utotoni, lakini hatukuwa tumeiona ikinuka moshi.

Tumeitafakari pia ile sehemu ambapo nabii Yeremia anasema Mungu ameweka mchanga uwe mpaka wa bahari. Zamani tulidhani maana yake ni kwamba kuna ukuta mahali fulani na mabaya hayawezi kuuvuka. Mtu akiishika imani kwa maana hiyo, siku homa inapoingia nyumbani atasema ukuta haupo, na tutakuwa hatuna la kumjibu. Lakini ni ajabu kwamba Mungu alichagua mchanga. Mchanga ni kitu dhaifu, kila punje inapeperushwa. Na mwamba ulio mbele ya mchanga umejengwa na vidudu. Kama ndivyo anavyoiwekea mipaka bahari, hatushangai tena kwamba usiku ule katika matope ya Nkowe kinga aliyoituma ilikuwa bibi mmoja mwenye miguu mibovu na khanga moja. Hakuizuia homa. Alifanya wazazi wale wasipigwe na wimbi zima wakiwa peke yao.

Hatusemi kwamba hilo ni jibu la swali la fundi. Swali lake lilikuwa kwa nini mtoto wake, na hatuna jibu hadi leo. Ayubu naye alipojibiwa aliambiwa habari za bahari na mipaka yake, na wala hakuelezwa kwa nini watoto wake walikufa. Tunachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Tumeona kwamba kinga ya Mungu ipo, na kwamba mara nyingi imetengenezwa kwa watu. Kwa hiyo inaweza kubomolewa. Mnong'ono mmoja juu ya jina la mjane ni kama baruti kwenye mwamba. Anayeurusha anadhani anapata kitu upesi, mtu wa kulaumiwa, na moyo unatulia kwa siku moja. Lakini wimbi linalofuata litaikuta pwani wazi, na halitachagua nyumba.

Tulirudi Nkowe Jumanne. Fundi alikuwa amenunua kwa nahodha mafungu mawili ya ng'onda. Moja alilipeleka kwake. La pili hakulifunga wala hakulitia mfukoni. Saa kumi jioni, wakati watu wote wako barazani, alitembea na mke wake katikati ya barabara kubwa, samaki wakining'inia mkononi, wakawapita ndugu zake waliokuwa wamekaa chini ya mwembe, wakaenda hadi nyumba ya tatu. Walipiga hodi. Wakasema, "Shikamoo, bibi." Wakakaa kwake mpaka giza, na kila aliyepita aliwaona.

Hakukuwa na mkutano wala hotuba. Fedha zilizokuwa zimechangwa zilirudishwa kwa wenyewe, kimya kimya. Baada ya wiki moja hivi wanawake walituambia kwamba bibi ameonekana kisimani saa kumi na mbili asubuhi, yuko kwenye foleni na ndoo yake, analalamika kama wengine kwamba maji yanatoka polepole.

Fundi anakuja kanisani. Anakaa nyuma, karibu na mlango, na Jumapili nyingine haji. Katekista hamwulizi. Lile tumbawe analo dukani kwake, juu ya kisanduku cha spana, na watoto wakiuliza ni nini anawaambia ni nyumba za watu wadogo.

Kama kwenu kuna nyumba iliyofiwa, na kuna jina ambalo watu wameanza kulinong'ona, msingoje mpaka mtaalamu aletwe. Chukueni chochote mlicho nacho, hata kama ni samaki wawili wakavu, mwende kwa mwenye jina hilo. Na mwende mchana, kwa barabara kubwa.